Donge la Mikate Miwili

Machale yalianza kumcheza nesi mstaafu pale wifi yake alipojitolea kumsindikiza dukani. Wifi huyo, dada wa mumewe, si mtu wa kusindikiza watu. Ukimwomba akushikie mlango, kwanza huuliza ndani kuna nini. Leo yuko tayari tangu asubuhi, anachekacheka ovyo! Kuna jambo, nesi alijiambia.

Dukani mashine za kukandia unga zilikuwa mbili. Ya nyumbani ilikaa juu ya kaunta. Ya biashara ilisimama sakafuni, na bakuli lake ungeweza kumwogeshea mtoto.

"Chukua hii, wifi yangu," wifi alisema akiipapasa ile kubwa. "Hiyo ndogo ya kuchezea tu. Mwezi mmoja imeungua."

"Mimi naoka Jumamosi, mikate miwili. Itaungua kwa lipi?"

"Usijinyime bwana. Hata kaka amekubali."

Ala! Amekubali lini? Mume asiyejua hata chumvi inakaa wapi, leo ana maoni kuhusu mashine? Nesi alimkazia macho wifi, kisha muuza duka, maana naye alitabasamu kupita kiasi. Hakumwamini hata mmoja. Afadhali alikuja na donge lake mwenyewe, limefunikwa kitambaa kwenye bakuli. Wodini miaka thelathini na mbili hakumpa mgonjwa dawa kabla ya kusoma chupa kwa macho yake.

"Tia hili," alimwambia muuza duka.

Mashine kubwa ikanguruma. Mkono wake wa chuma ulizunguka weee, donge limejikalia chini, halikandwi wala nini.

"Lazima uongeze unga, mama," muuza duka alikiri. "Kuanzia kilo tano."

"Ataongeza!" wifi akadakia. "Shule inataka mikate mia kila alfajiri..." Akajiziba mdomo, lakini wapi.

"Shule gani?"

Ikabidi aseme. Alikwishaahidi shule ya jirani kwamba nesi atawaokea. Mumewe alijua. Wiki mbili walilijua wote isipokuwa mwenye mikono, na hilo la mume ndilo lililomuuma zaidi.

"Wifi, miaka yote ile nimeamshwa na kengele za wodi. Mkate ndio kitu pekee ninachofanya bila kuitwa na mtu. Na nyie mmekaa mkapanga kuniwekea kengele jikoni kwangu!"

Muuza duka alihamishia donge kwenye mashine ndogo. Likashikwa, likakandwa, likalainika.

"Ila hii ikifanya kazi dakika kumi, uipumzishe," alionya.

"Hata mimi," alisema nesi. "Nifungie hii."

Wifi alimfuata hadi mlangoni. "Sasa shuleni nitawaambia nini?"

"Waambie mwokaji ni kaka yako. Si amekubali?"

Na boksi la mashine akambebesha yeye, kwa kuwa alikuja kusindikiza.