Mgeni wa Salongo

Jumamosi hiyo mwili wa Drocella uligoma. Alisikia filimbi ya salongo, ile kazi ya usafi ya mtaa mzima, ikipita mbele ya nyumba, akajaribu kuinuka, kiuno kikakataa katakata. Akabaki amejilaza mkekani, homa ikimpanda, huku wenzake wakienda kuzoa uchafu wa mji wa Mubi bila yeye.

Na uchafu wa Mubi si wa mchezo. Malori ya kwenda machimboni yanamwaga matope, pikipiki zinaacha mipira iliyochakaa, na walevi wanatupa vipakiti vya pombe kali mtaroni kana kwamba mtaro una tumbo. Kila Jumamosi asubuhi watu wa avenyu, yaani wa mtaa, wanajitolea kufagia na kuzibua. Wanajitolea, ndiyo, ila asiyejitolea anafuatwa kwake na kunyang'anywa chombo, mpaka akikomboe kwa kufagia Jumamosi inayofuata. Ndivyo watu wanavyojitolea huku.

Drocella hakuwahi kukosa tangu alipofika na watoto wake, wakikimbia vita vya Masisi. Kwao aliacha kilima kizima cha maharage na viazi. Hapa Mama Agathe alimfadhili chumba nyuma ya nyumba yake. Alichokitaka sasa ni kipande cha shamba ukingoni mwa msitu, asiendelee kulisha watoto kwa kubahatisha. Aliyegawa mashamba ni chefu, kiongozi wa avenyu, Papa Barthélemy, na kila alipoombwa alijibu kwa upole uleule kwamba mashamba ni ya watu wa avenyu, yeye asubiri kidogo. Kwa hiyo Drocella alifagia. Alifagia mpaka akayachukia matope yenyewe, akitumaini kwamba siku moja wataacha kumwona mpita njia.

Jua lilipopanda, Barthélemy na wenzake walianza kupita nyumba kwa nyumba. Drocella aliwasikia kwa jirani wakibeba beseni, mwenye beseni akinung'unika. Kisha nyayo zikakaribia mlango wake, na akashangaa kujikuta haogopi. Nyayo zikapita.

Hapo uchungu ukamkaba. Kuinama kote kule, na bado hakustahili hata kuadhibiwa! Akajikokota, akachukua sufuria yake ya pekee, akatoka nayo.

"Papa, munanisahau," alisema.

Barthélemy aligeuka, akamtazama kwa huruma. "Hapana, Mama. Weye uko mukimbizi. Hatukamatake kitu ya bakimbizi."

"Na uchafu, Papa? Ile munaniachiaka."

Barthélemy alisimama na beseni la watu mikononi, aibu ikimjaa usoni, maana mtaro aliosimama kando yake ulizibuliwa na mwanamke huyu. Drocella hakuwa na nguvu za kubishana zaidi. Alinyoosha sufuria tu, akangoja.

Mwishowe Barthélemy aliipokea, akaiweka ndani ya beseni pamoja na vyombo vya wengine.

"Utakuja kuikomboa Jumamosi," alisema, "sawa na benzako."

Watoto walipokuja kuuliza watapikia nini, walimkuta mama yao ameketi kizingitini, amechoka hoi, analia na kucheka. Aliwatuma kuazima sufuria kwa Mama Agathe.

"Mumuambie salongo imekamata yetu," alisema. "Museme na sauti, bantu ya avenyu basikie."