Ukoko wa Shangazi Gaudence

Kila aliyewahi kula kwa Gaudence pale Missouri City, Texas, aliambiwa, kabla hata hajashika kijiko, kwamba mwenye nyumba ni mtu wa Ifakara, na wali wa mtu wa Ifakara haushiki chini. Aliyasema hayo kwenye jumuiya, akayasema misibani, na mara moja alimwambia mgonjwa wake hospitalini aliyekuwa bado hajazinduka vizuri kutoka kwenye dawa ya usingizi. Watu walishamzoea. Alikuwa muuguzi hodari na jirani mwema, na mtu wa namna hiyo husamehewa majivuno ya sufuria.

Kwake ukoko ulikuwa aibu mara mbili. Kwanza, ulikuwa ushahidi kwamba mpishi alikuwa akipiga soga. Pili, mama yake alimwambia alipokuwa mdogo kwamba msichana anayekula ukoko, siku ya harusi yake mvua itanyesha mpaka wageni wakimbie. Dada zake walisikia onyo hilohilo, wakaendelea kukwangua sufuria, na wote wakaolewa kwenye matope huku wakicheka. Gaudence hakuuonja hata siku moja. Sasa alikuwa ameshapita hamsini, na ni kweli kabisa kwamba mvua haikuwahi kumharibia harusi.

Basi Angel akampenda Mdominika, kijana ambaye kwao ni kisiwa kinachosema Kihispania.

Angel alikuwa binti wa marehemu kaka yake, na Gaudence ndiye aliyemlea. Baada ya chuo alipata kazi ya ofisini Dallas, na huko akakutana na Wilkin wa Cedar Hill, fundi wa viyoyozi, kazi ambayo Texas mwezi wa nane ina heshima kuliko udaktari. Kijana mwenyewe hakuwa na neno: mpole, mcheshi, anasali, anakula chochote. Tatizo lilikuwa bibi yake, Doña Eduvigis, jina ambalo Ifakara lingekuwa Hedwiga na lingebebwa na nusu ya akina mama wa kwaya. Bibi huyo ndiye aliyemlea Wilkin, na Wilkin alishasema wazi kwamba bila neno la bibi haoi.

Bibi hakutaka kujua shahada ya msichana wala alikotoka. Alichotaka ni kula kwao, chakula kilichopikwa na msichana mwenyewe, ndipo aseme. Ilijulikana kwamba mchumba wa kwanza wa Wilkin alipitia hapohapo. Bibi alikula, akaweka kijiko, akatazama huku na huku, akaomba mkoba wake arudishwe nyumbani, na uchumba ukaishia mezani. Wilkin mpaka wakati huo alidhani nyama ilizidi chumvi. Angel alipomsimulia shangazi yake haya kwa simu alikuwa analia, na Gaudence, aliyemjua mtoto huyo tangu anang'oka meno ya mbele, alielewa kwamba safari hii si mchezo. Asipompata Wilkin, Angel ataumia.

"Wewe njoo," alimwambia. "Utapika wewe, nitasimama mimi."

Angel aliteremka kutoka Dallas Ijumaa na mzigo uliotumwa na bibi, umefungiwa mkanda kwenye kiti cha mbele kama abiria. Ulikuwa sufuria ya aluminiamu nene, pana ya tumbo, yenye masikio mawili, iliyosuguliwa miaka mingi mpaka ndani inang'aa. Ujumbe ulioambatana nayo ulikuwa mfupi: wali upikwe humu. Gaudence aliigonga kwa ukucha, akasema chombo hiki ni cha kuwaunguzia watu chakula na kwamba bibi huyo amewatega. Alitaka kutumia sufuria yake mwenyewe, ile isiyoshika, ambayo ukitaka kuunguza wali humo lazima ukusudie. Angel akakataa.

Orodha ya vyakula nayo ilimchekesha Gaudence. Bibi aliomba wali, maharage mekundu na kuku wa mchuzi, ndizi pembeni. Wilkin alikuwa amemweleza Angel kwamba kwao mlo huo huitwa bendera, na kwamba nchi nzima huula mchana karibu kila siku. Gaudence akauliza kama kisiwa kizima kinasoma bweni. Lakini Jumamosi asubuhi, Angel alipomimina sukari kwenye mafuta ya moto, akaiacha iungue mpaka ikawa hudhurungi, kisha akatumbukiza kuku humo jinsi Wilkin alivyomwelekeza, Gaudence hakucheka tena. Alitoka nje kwenye kibaraza akasali kidogo. Aliporudi, kuku ana rangi ya kupendeza na harufu inayomfanya mtu amsamehe adui. Alionja mchuzi mara tatu, kwa ajili ya usalama.

Rafiki yake Wawira, muuguzi mwenzake kutoka Embu, alikuja kusaidia, maana yake alikuja kukaa kwenye kiti kirefu cha jikoni na kutoa maoni. Gaudence alishika ndizi. Ilibidi ndizi mbichi zikaangwe, zitolewe, zipondwe, zikaangwe tena, kana kwamba mara ya kwanza zilikosea. Angel alisimamia wali. Na hapo ndipo Wilkin alipopiga simu kwamba amepitiliza njia ya kutokea na sasa anaelekea Galveston.

Angel akaanza kumwelekeza. Gaudence akaacha ndizi ili kusahihisha maelekezo. Wawira naye akaleta njia yake ya mkato. Wanawake watatu wenye leseni za kuendesha gari waligombana juu ya simu moja mpaka Wilkin akasema asante, ameshafika, yuko nje anamsaidia bibi kushuka. Angel akakimbilia mlangoni. Gaudence akavuta pumzi, na puani ikamwingia harufu aliyoijua.

Akafunua. Juu wali ulikuwa safi, punje mojamoja. Akachota wote akaujaza kwenye sahani kubwa, na chini ukabaki ukoko, umelala sufuria nzima, mnene, wa rangi ya karanga zilizokaangwa. Kwa nyumba nyingine ungeitwa ajali ndogo. Kwa Gaudence ilikuwa ni Ifakara yote imevuliwa nguo. Na nyumba zenyewe za siku hizi, jikoni na sebule ni kitu kimoja, hakuna ukuta wa kumsitiri mtu. Sinki linaonekana. Jiko linaonekana. Kengele ikalia. Gaudence akabeba sufuria kwa masikio yake, akaingia nayo kwenye chumba cha kufulia, akaitumbukiza ndani ya mashine ya kukaushia nguo na kufunga mlango.

Alipogeuka, Wawira alikuwa anamtazama.

"Gaudence," alisema taratibu, "mficha uchi hazai. Na wewe unaficha kwa dryer."

Doña Eduvigis aliingia na gauni lake la kanisani, mdogo wa umbo, mkongojo mkononi. Mlangoni alisimama kidogo, akainua pua, akafumba macho, na uso wake ukafunguka kwa furaha. Akamshika Angel mashavu yote mawili. Gaudence alidhani ni kwa ajili ya kuku.

Walikula. Bibi alipanga sahani yake kwa utaratibu, wali upande huu, maharage upande ule, kuku katikati, na akala bila haraka na bila neno, kama mtu aliyekuja kazini. Wilkin alikula kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Angel hakula. Bibi alipomaliza aliweka kijiko na kutazama upande wa jikoni, akangoja.

Gaudence akamwongeza wali. Bibi akazuia kwa mkono. Akamletea nanasi, hapana. Akamletea chai ya tangawizi, hapana. Kisha bibi akainuka mwenyewe, akaenda na mkongojo wake mpaka jikoni, akatazama juu ya jiko, akafungua oveni, akachungulia sinki. Gaudence aliona anakagua usafi, akamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kuumba mashine ya kukaushia nguo. Bibi akarudi mezani taratibu. Furaha ya mlangoni ilikuwa imemtoka. Akasema maneno machache kwa Kihispania, na Wilkin akainamisha kichwa.

Ikabidi aeleze. Bibi alikuwa anauliza cha chini kiko wapi. Kwao wali unapoiva kinachoshika sufuria huitwa concón, na hicho ndicho hasa chakula. Wali wa juu ni wa kujaza tumbo. Watu hukigombea. Mgeni anayeheshimiwa hupewa, kimemwagiwa mchuzi wa maharage. Yule mchumba wa kwanza, Wilkin alisema huku mwenyewe akielewa kwa mara ya kwanza, alipika kwa sufuria ya umeme, na sahani yake haikuwa na cha chini. Ndiyo maana safari hii bibi alituma sufuria yake. Na alipofika mlangoni alinusa, akajua kipo.

Meza nzima ikamgeukia Gaudence. Wawira alizitazama kucha zake kwa makini makubwa.

Gaudence alikuwa na nafasi hapo ya kusema kweli. Lakini miaka yote ile ya kujisifu ilikuwa imeketi kooni mwake, na Wawira alikuwepo, na kitu anachokijua Wawira mchana, jioni kinajulikana mpaka mji wa Katy.

"Mwambie bibi," akasema, "kwetu wali haushiki."

Wilkin akatafsiri. Bibi alimtazama Gaudence muda mrefu, bila hasira, ila kwa huzuni ya mtu aliyefikishwa mbali bure. Akasema kitu, kisha akanyoosha mkono kuomba mkoba wake.

"Anasema," Wilkin alieleza kwa sauti ya chini, "nyumba inayomficha yeye kilichobaki chini ya sufuria, kesho itanificha mimi mambo makubwa zaidi."

Angel hakulia. Hilo ndilo lililomuumiza Gaudence. Msichana alikaa tu, amekunja kitambaa cha mezani kidogo kidogo, halafu akageuka. "Shangazi, please," alisema. "Sufuria ya bibi iko wapi?"

Gaudence akainuka. Safari ya kwenda chumba cha kufulia ilikuwa ya hatua chache, lakini alihisi ameibeba Ifakara yote mgongoni, pamoja na wafu wake. Akafungua mashine, akaitoa sufuria, na ilikuwa bado ina joto. Akarudi akaiweka katikati ya meza. Kwenye sikio moja la sufuria ilikuwa inaning'inia soksi yake ya kazini.

"Mwambie wali uliungua," alisema. "Hapa kwangu, mimi nikiwepo. Mtoto hana kosa. Nimeficha mimi, na nimedanganya mimi."

Wilkin alitafsiri yote. Bibi aliiondoa soksi kwa vidole viwili, akaikunja vizuri na kuiweka pembeni. Akachukua kijiko cha chuma akaanza kukwangua. Sauti ile ya chuma na aluminiamu Gaudence hakuwa ameisikia tangu utotoni, dada zake wameinama juu ya sufuria uani, vichwa vinagongana, yeye amesimama mbali. Kipande kikanyanyuka kizima. Bibi akakigonga kwa kucha, akasikiliza, akamwagia mchuzi wa maharage, akauma. Alikuwa na meno machache, lakini yaliyokuwepo yalikutana.

Alitafuna mpaka mwisho. Akamshika Angel mkono na kusema neno lake, fupi sana. Wilkin hakuweza kulitafsiri mara moja kwa sababu alikuwa anafuta macho.

"Anasema sasa amekula."

Angel ndipo akalia, na Wawira naye akalia, ingawa hakuna aliyemuomba. Bibi hakuwa na habari nao. Alivunja kipande kikubwa kuliko vyote, akakimwagia mchuzi na kukiweka kwenye sahani ya Gaudence.

Gaudence akairudisha sahani nyuma kwa heshima. Akaeleza kwamba yeye hali ukoko, hajawahi, na kwa kuwa siku ile alikuwa ameshavuliwa kila kitu, akaeleza na sababu: mama yake, onyo la mvua, dada zake waliokula, na yeye aliyeilinda siku yake tangu utoto. Wilkin alitafsiri. Bibi alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa, kisha akauliza swali.

"Anauliza siku yenyewe ilikuwaje," Wilkin alisema. "Ilikuwa kavu?"

Wawira akaanza kukusanya vijiko mezani.

"Bado haijafika," Gaudence alisema.

Bibi hakucheka, wala hakumhurumia. Aliisukuma sahani irudi mbele yake, akasema kitu kifupi, na safari hii Gaudence hakuhitaji mkalimani, kwa maana hata mama yake alikuwa akisema vile mezani: kula kabla hakijapoa.

Akaula. Ulilia kati ya meno yake, mkavu juu, laini pale mchuzi ulipoingia, na ladha yake ilikuwa na chumvi na moshi na utamu kwa mbali. Hasira ilimpanda, akamkasirikia mama yake, akajikasirikia na mwenyewe, miaka yote ile akiwa amesimama mbali na sufuria. Kisha akaanza kucheka, na alipokuwa akicheka akaunyoosha mkono akavunja kipande kingine. Angel naye alikuwa na chake, ameshakifikisha nusu, ndipo akasita.

"Shangazi," alisema, "lakini harusi yetu ni outdoor. Tushalipia bustani Cedar Hill."

Gaudence alilamba mchuzi kwenye kidole gumba na kuivuta sufuria karibu yake.

"Hema zinakodishwa," alisema. "Na mkimaliza yenu, mniachie namba ya mwenye hema."