Tangi la Chini

Vumbi la Kiabakari halikuwa na adabu. Liliingia kwenye chumvi, kwenye macho, kwenye nguo za kanisani. Liliingia hata ndani ya koki zako, ewe karavani, nyumba ya magurudumu, zahanati yetu ya kutembea. Nililichukia vumbi lile. Nililiombea life, na ombi langu likasikika.

Mimi Stanislausi ndiye niliyekutunza. Nesi Hyasinta alikuwa na wagonjwa wake, Butiama Jumanne, Bunda Alhamisi. Mimi nilikuwa na matangi yako mawili, la juu la maji safi, la chini la choo. Watu waliniita Bwana Tangi, wakanipisha kwenye foleni ya sabuni huku wameziba pua. Nilicheka nao. Mchagua jembe si mkulima.

Kiangazi kilikupasua. Mwaka ule wa themanini na tatu washa mpya, kile kipete cha mpira cha koki, haikuonekana dukani, basi nilikata washa zako kwenye tyubu ya baiskeli, nikafunga maungio yako kwa katani na rangi. Vuli ilikujaza tope, nikakuzibua kwa waya. Mwaka ukazunguka, nami nikazunguka nawe, spana mkononi.

Kisha shimo letu la maji taka likabomoka. Saruji ilikuwa ya kibali, na kila nilipofuata kibali Musoma niliambiwa nirudi wiki ijayo. Tangi lako la chini likajaa. Adhuhuri moja, watu wakiwa vivulini, nikapakia madebe kwenye toroli, nikayamwaga korongoni.

Ardhi kavu humeza. Kesho yake palikuwa pakavu, hata nzi walikuwa wameondoka. Nikarudia, mwezi mzima wa saba nikarudia.

Mwezi wa nane pampu ya maji ikakosa dizeli. Wanawake wakashuka korongo lilelile, chini zaidi, wakachimba kisima mchangani. Wa kwanza kushika jembe alikuwa mama yangu, Nyamburi, na mgongo wake mbovu. Niliona. Siku hiyo niliacha kumwaga, lakini sikusema. Niliona haya, huo ndio ukweli. Bwana Tangi asimame aseme amemwaga choo juu ya kisima cha mama yake? Mvua ya kuushusha uchafu iko mbali, nilijiambia, jua litamaliza yote. Ardhi kavu humeza.

Jua halikumaliza. Vuli ikatuwahi, mwezi wa tisa haujaisha, wingu likaja asubuhi kutoka ziwani, jeusi, zito, likakaa juu yetu. Watu walitoka nje kuipokea mvua kwa viganja. Mimi nilisikia korongo likinguruma, na miguu yangu ikaanza kukimbia kabla yangu.

Niliwakuta kisimani na ndoo zimejaa. Nikawaambia wamwage. Nikawaambia kwa nini.

Getruda, jirani yetu, akashusha ndoo yake. "Ulikuwaga unamwaga tangu lini, Stanislausi?"

"Mwezi wa saba."

Hakuna aliyenitukana. Waliinamisha ndoo moja moja, na maji yakarudi mchangani. Ingekuwa heri wangenitukana.

Mama hakuwepo pale. Nikauliza. Getruda akaangalia chini, akaniuliza kwani siijui desturi: maji ya mvua ya kwanza huchota mkubwa kwanza. Walikuwa wamempisha. Walikuwa wamemtwisha na ndoo, kwa heshima.

Nilimkuta mlangoni, kikombe mkononi, nusu kimekwisha. Nusu alikuwa amenibakizia, kama alivyonibakizia kila kitu tangu nizaliwe.

"Kunywa, baba," akasema. "Tumengoja sana."

Nikamwambia. Niliongea kama mtoto, maneno yakigongana, na machozi yakanitoka bila aibu ile iliyoninyamazisha mwezi mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama ndani ya kikombe, akakiweka chini polepole.

"Basi kamwite Hyasinta," akasema. "Na mimi nisogezeni karibu na hicho choo chako, kabla tumbo halijaanza."

Nikatoka. Njiani vumbi lilikuwa limekufa, kama nilivyoomba. Ardhi imelowa, imeshiba, haimezi tena kitu. Nikamtuma Hyasinta kwa mama, kisha nikapiga magoti kwenye tope, ewe karavani, nikafungua tangi lako la chini, kuona kama limebaki na nafasi.