Wote Wanatazama Kushoto

Siku tuliyochagua aina za filamu, mwalimu alipitisha kopo lenye vikaratasi. Wenzangu wakaokota za kutisha, za mapenzi, za upelelezi. Mimi nikaokota vichekesho. Darasa zima likaangua kicheko, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira za karibu, na kila mtu pale chuoni anajua.

Mwalimu huyo tunamwita Fokasi, maana hamalizi dakika bila kupiga kelele "fokasi!" Zoezi lake lilikuwa hivi: watu wawili wamekaa wanazungumza, kila mmoja umpige picha peke yake, kisha uwaunganishe waonekane wanajibizana. Nikifaulu naingia mwaka wa mwisho. Nikifeli narudia mwaka mzima, na wenzangu wananiacha.

"Na wewe wa vichekesho," Fokasi akaniambia, "usiniletee watu wa kukenua meno na kukodoa macho. Anayechekesha hatakiwi kujua kwamba anachekesha. Yeye yuko kazini."

Basi nikaandika majirani wawili wanagombania sufuria iliyoazimwa ikarudi imetoboka. Wanafunzi wenzangu niliwajaribu wote. Jamani! Kila mmoja alikuwa anajichekea mwenyewe. Nilihitaji watu wanaojua kununa kikweli, na hao nilikuwa nao wawili kwenye ukoo wetu: mama yangu na mama mkubwa.

Hao ni ndugu wa tumbo moja, na walikuwa hawasemeshani tangu bibi alipozikwa. Bibi alifariki mama akiwa safarini kikazi. Mama mkubwa, kama mtoto wa kwanza, ndiye aliyepanga kila kitu, na hakusubiri. Mama alifika jioni akakuta kaburi limeshafukiwa na watu wanakunja maturubai. Tangu hapo mguu aliukata. Ukimtajia dada yake, anaanza kufuta meza hata kama ni safi.

Sasa, raha ya kupiga picha mmoja mmoja ni kwamba wahusika hawana haja ya kuonana. Nikaona nimepata dawa. Nikampiga picha mama nyumbani, kwenye kiti cha sebuleni, mimi nimekaa pembeni ya kamera namsomea maneno ya jirani. Akaniuliza jirani ni nani, nikamwambia ni mwanafunzi mwenzangu. Siku ya pili nikaenda kwa mama mkubwa. Ni fundi cherehani, futi ya kupimia haitoki shingoni hata akienda msalani. Naye nikamdanganya vilevile.

Walikuwa moto wa kuotea mbali! Mama alisema "Sufuria yangu naijua kwa sauti" huku uso umekauka kama mtu yuko mahakamani. Mama mkubwa akajibu "Basi iite tuone kama itakuja" wala hakutabasamu. Nilijiuma mdomo nisicheke. Nikawaunganisha, nikampelekea Fokasi nikiwa nimevimba kichwa.

Fokasi akatazama mpaka mwisho. Akavua miwani.

"Hawa hawagombani," akasema. "Hawa wanasubiri basi."

Nikatazama tena. Yalaa! Mama alikuwa anatazama kushoto. Mama mkubwa naye, kushoto. Kati ya watu wawili wanaozungumza kuna mstari ambao hauonekani, na kamera ikishachagua upande, haitakiwi kuuvuka. Mmoja akitazama kushoto, mwenzake lazima atazame kulia, ndipo macho yakutane. Ni somo la wiki ya kwanza kabisa. Lakini kwa mama mkubwa dirisha lilikuwa upande mwingine, nikageuza kiti kufuata mwanga, nikaketi tena kushoto kwa kamera bila kufikiri. Kama wangekuwa chumba kimoja nisingekosea hata usingizini, maana ningewaona.

"Ijumaa mchana nafunga mlango," Fokasi akasema. "Uigizaji ni mzuri sana. Macho yarekebishe."

Ilikuwa Alhamisi. Nikarudi nyumbani nimefura, nikafungua kompyuta kwenye meza ya kulia, nikajaribu kumgeuza mama mkubwa kama kwenye kioo. Cherehani ikahamia upande mwingine, sawa, lakini maandishi ya kalenda ukutani yakasomeka kinyumenyume. Nikatukana. Sikusikia mama akiingia.

"Huyo ni nani?" akauliza nyuma yangu.

Hapakuwa na pa kujificha. Nikasema yote, haraka haraka, nikijua nakula makavu. Na nilikula. Mwongo mkubwa mimi, sina haya, nimemfanya yeye kikaragosi cha chuo. Halafu akavuta kiti.

"Hebu weka tena."

Nikaweka ile ya mwanzo, kabla sijaigeuza. Mama wa kwenye kompyuta akadai sufuria yake. Dada yake akamjibu, macho yako pembeni. Mama akasogea karibu zaidi.

"Mbona hanitazami?"

"Ni mimi nimekosea, mama. Ni pembe ya kamera."

"Hata siku ile hakunitazama," akasema. "Nilisimama pale na begi langu mkononi, yeye anahesabu viti. Hakuniinulia hata uso."

Machozi yalimjaa. Mimi nilimshika bega, na nilijisikia vibaya mno kwa kuwachezea watu wazima. Nikamwambia basi, acha, nitarudia mwaka, si mwisho wa dunia.

"Urudie mwaka kwa sababu yake? Ng'o!" Akafuta uso kwa kiganja. "Kesho asubuhi tunakwenda. Kwa ajili ya mtihani wako tu."

Mama mkubwa alipofungua mlango alisimama kama mtu aliyesahau alichofuata. Nikajifanya mwongozaji wa filamu: shikamoo, samahani, wewe hapa, mama pale, usiniangalie mimi, mtazame yeye. Safari hii mama ndiye alikaa pembeni ya kamera, upande wa kulia, magoti yao yakikaribia kugusana. Nikabonyeza.

"Sufuria yangu naijua kwa sauti," mama akasema.

Mama mkubwa akamtazama. Maneno yake yalikuwa "Basi iite tuone", anayajua vizuri. Hakuyasema.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe umezeeka."

Mama mkubwa akaanza kulia, kilio kile cha kutetemesha mabega. Mama akajikaza kidogo tu, kisha naye akaachia, wakashikana hapo hapo juu ya mapande ya vitambaa. Nami niliona si haki. Ile haikuwa sufuria tena, na sikutaka kuibeba nikaionyeshe kwa watu. Nikazima kamera, nikaenda kusimama jikoni nikilia peke yangu. Mwaka nilishauaga.

Niliporudi walikuwa wanapenga makamasi kwa kipande kimoja cha kitambaa.

"Umeipata ile?" mama mkubwa akaniuliza.

"Nilizima."

"Ulifanya nini?"

"Nilizima, mama mkubwa. Kwa heshima."

"Heshima!" Akainuka. "Mimi nimelia mbele ya mdogo wangu, jambo ambalo sijalifanya tangu tuko wadogo, halafu wewe unazima? Wewe unasomea nini huko?"

"Ndiyo uone ninavyoishi naye," mama akasema.

"Washa hicho kitu. Tunarudia."

"Haiwezi kurudiwa," nikajaribu.

"Washa!" wakasema wote wawili.

Nikawasha. Nikaangalia macho: sawasawa. Mama mkubwa akanyoosha futi yake shingoni, akakohoa.

"Haya. Mimi nilikuwa natoa machozi, na wewe ukaanza kulia kwa nguvu."

"Nani? Mimi? Wewe ndiye uliyelia kama ng'ombe, dada. Mimi nilifuata."

"Usitie chumvi. Nilikuwa nimetulia. Na baada ya hapo nikakuomba msamaha, wewe ukanishika."

Hawakucheka. Walikuwa kazini. Nyuma ya kamera nilikuwa nimeng'ata mkono wangu, nikijua kwamba hiki ndicho Fokasi alichokuwa anataka.

"Msamaha hukuomba," mama akasema.

"Niliomba."

"Hukuomba, dada. Ulilia tu."

Mama mkubwa akafungua mdomo abishe. Akaufunga. Alikuwa anamtazama mama moja kwa moja, hakupepesa.

"Basi naomba sasa," akasema. "Nilitakiwa kukusubiri. Watu walinisukuma, nami nikaogopa maneno yao kuliko nilivyokufikiria wewe. Nisamehe, mdogo wangu."

Mama akaitupia kamera jicho, kisha akamrudia dada yake.

"Sema tena," akasema. "Kamera haikusikia."

Kamera ilikuwa imesikia vizuri kabisa. Mama mkubwa akasema tena.