Choroko Mgongoni mwa Thankamma

Thankamma alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao wa tiba, mgongo wazi, na mumewe anabwata nje ya pazia.

"Mama Bindu! Watu wamejaa mgahawani wanataka bajia. Niwaambie nini?"

Omana, mama wa tiba, alikuwa amekanda unga wa choroko nyeusi, akauzungusha kiunoni kwa Thankamma kama ukingo wa bakuli, palepale penye maumivu, kisha akamimina mafuta ya moto ya mitishamba katikati. Ukijitikisa tu, yote yanamwagika. Basi Thankamma alilala tuli, anachemka kwa hasira. Miaka yote ya mgahawa wao amesaga choroko hiyohiyo ya bajia kwa jiwe, kila alfajiri, kwa sababu mumewe, Kuttappan, anasema eti mashine inaua ladha. Ladha! Mguu unamwaka moto kutoka takoni hadi kisiginoni, kuchuchumaa hawezi, na bwana mzima anamletea habari za ladha.

"Si mlisema tiba inaisha leo?" Kuttappan akauliza.

"Inaisha," Omana akajibu. "Sasa apumzike siku sawa na zile alizotibiwa. Asiiname, asinyanyue kitu, na jiwe asiliguse kabisa. Akiligusa, kazi yote hii ni bure."

"Apumzike, halafu nani asage? Mnamdekeza tu huyu! Mama yangu kasaga mpaka uzeeni, na hakulalia ubao wa mtu."

Hapo Thankamma yakamfika shingoni.

"Mama yako alikuwa anatambaa kwenda chooni, Baba Bindu! Na wewe hukuwahi kumshika hata mkono. Mimi ndiye niliyemwinua, na mgongo huuhuu!"

Omana akayafyonza mafuta kwa pamba, akaubandua ule unga ili autupe.

"Usitupe, dada. Nipe mimi."

Akajifunga shuka, akainuka polepole huku akiuma meno. Akafungua pazia, akamkamata mumewe mkono na kumbandika lile donge kiganjani, lingali la moto.

"Choroko hiyo, imeshakandwa. Nenda kawakaangie wateja wako. Mimi nakwenda kupumzika kwa kaka yangu. Siku nitakayorudi, nikilikuta lile jiwe jikoni, sivuki hata kizingiti."

Kuttappan akabaki amelishika lile donge. Mafuta yalikuwa yanamchuruzika hadi kwenye kiwiko.