Mapacha wa Zizi la Makokha

Nelima binti Makokha alikuwa pacha, na hakumruhusu mtu asahau. Hata hujakaa vizuri, ushaambiwa. Yeye na Ivy hawakufanana hata kucha: Ivy mrefu, mweusi tititi, mpole, Nelima mfupi, maji ya kunde, mdomo haujui likizo. Na kwa nini hawakuitwa Mukhwana na Mulongo kama mapacha wengine wa Kibukusu? Baba yao alieleza kwamba siku hiyo karani wa vyeti alikuwa na haraka. Haya.

Basi alipopata nafasi ya kusomea uzamifu kwenye maabara moja Kitale, akachagua mapacha. Kazi yake ilikuwa kulinganisha ramani za jeni za ng'ombe, kondoo na binadamu. Usishtuke. Jeni zimepangwa mwilini kama nyumba mtaani, na mitaa mingi ya ng'ombe ni ile ile ya kwetu, majirani wale wale, ila mtaa wenyewe umehamishwa. Tena kuzaa mapacha hakuletwi na jeni moja. Ni nyingi, kila moja inasukuma kidogo. Ukijua zinakaa mtaa gani kwa ng'ombe, unajua pa kubisha hodi kwa binadamu. Alichohitaji ni ukoo mmoja wa ng'ombe wanaozaa mapacha kupita kiasi, na ukoo huo ulikuwa nyumbani kwao Sirisia, zizini kwa baba yake. Baba akamhesabia mapacha, naye akang'oa nywele za mikia, akarudi nazo Kitale, na masomo yake yote akayaegemeza hapo.

Majibu yalipotoka, Kibiwott wa maabara hakuinua hata macho kwenye kompyuta.

"Hawa mapacha wako, bana, hata mabinamu si mabinamu."

"Rudia kupima."

"Nimerudia. Mama yao si mmoja. Wengine hata hawajuani."

Bila ukoo ule hakuna utafiti, na bila utafiti ni kurudi kufundisha baiolojia kidato cha pili. Jumamosi Nelima akashuka Bungoma, akapitiliza hadi Sirisia, akawakuta wote mezani: baba, Ivy, na mama yao, Mama Rosaline, ugali ukitoa moshi.

"Baba, ulinidanganya. Wale ng'ombe si mapacha!"

"Ni mapacha," alisema Makokha, akimega tonge.

"Hawakuzaliwa na ng'ombe mmoja!"

"Kwani nani alisema walizaliwa na ng'ombe mmoja? Ndama akifiwa na mama, tunampaka chumvi, tunamsukumia ng'ombe aliyezaa juzi. Anamlamba, anamkubali. Wakishanyonya pamoja, hapa kwetu hao ni mapacha, maneno yameisha. Wewe uliuliza mapacha ni wangapi. Mimi nikakuhesabia."

"Si ungeniambia yupi aliletwa!"

"Hiyo haisemwi. Atasikia vibaya."

Nelima alicheka kwa hasira. "Ati atasikia vibaya! Ng'ombe! Kwani ni mtu?"

"Hata kwa mtu haisemwi," alisema Makokha, kisha akaacha kutafuna.

Mama Rosaline akaliweka bakuli la mrenda chini, polepole. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nelima, na kusoma kwake kote, ilimchukua muda kuona kwamba mazungumzo hayakuwa tena ya ng'ombe. Alipoona, huruma ikamjaa kifuani. Akamshika Ivy mkono.

"Ivy, dada yangu, pole. Pole sana. Kwangu mimi haibadilishi kitu, unasikia? Wewe ni pacha wangu."

Ivy alimtazama kwa upole wake wa siku zote.

"Pole ya nini? Mimi nilizaliwa hapa."

Machozi yalimtoka Nelima. Makokha akaitazama sahani yake utadhani imeandikwa kitu. Ivy hakuuachia ule mkono.

"Mama," alisema Nelima mwishowe, "mama yangu ni nani?"

"Mimi," alisema Mama Rosaline. "Aliyekuzaa tuliimba naye kwaya Kimilili, na hakutoka wodini akiwa hai. Nilikuchukua wakati Ivy akiwa bado mchanga. Wewe ulinyonya kushoto, yeye kulia. Nikiwabadilisha, mlilia wote wawili."