Vipindi vya Jioni vya Wifi

Nilikwenda kwenye mafunzo ya wakuu wapya wa idara nikiwa nimenuna. Nani anifundishe kuishi na wahadhiri wenzangu, watu niliokunywa nao chai chumba kimoja miaka nenda miaka rudi? Isitoshe, ombi la wifi yangu, mke wa kaka, lilikuwa halinitoki akilini. Naye ni mhadhiri, tena katika idara yangu. Mtoto wao ana pumu, jioni ndiyo humkaba zaidi, na kaka yuko zamu za usiku. Wifi alitaka nimwondolee vipindi vya jioni. Mtoto ni damu yangu. Nilishaamua kukubali, nasubiri tu mapumziko nimpigie.

Chumba kilikuwa na viti vya plastiki, feni inayolalamika, na watu wawili mbele: afisa utumishi wa chuo, na mwenyekiti wa chama cha wahadhiri, mama mfupi tuliyezoea kumwita Nyundo. Mgomo wa mwaka jana ulikuwa wake. Nilidhani wangerushiana viti.

Afisa alitaka kila mmoja ataje jambo lililo mezani kwake. Mimi na mdomo wangu nikawa wa kwanza. Nikasema mhadhiri mmoja ana mtoto mgonjwa, namwondolea vipindi vya jioni, basi.

"Atavichukua nani?" Nyundo akauliza.

"Yupo mhadhiri wa muda. Hajawahi kukataa."

"Anaweza kukataa?"

Mkataba wake naupitisha mimi.

"Mkuu, una roho nzuri," akasema, wala hakuwa na kejeli. "Wakuu wakali hawanisumbui. Wenye roho nzuri ndio wanaoninyima usingizi."

Kisha yeye na afisa wakaketi wakitazamana, watuonyeshe majadiliano yanavyofanywa, kwa mfano wa jambo langu. Nyundo akanichukua upande wake. Kila upande una msemaji mmoja. Mkikwama, mnatoka nje kushauriana. Tulikwama mapema, tukatoka koridoni.

"Ni nani wako?" akaniuliza.

"Wifi yangu."

"Nilihisi. Basi wewe usiamue. Hata ukiamua kwa haki, nani atakuamini? Jambo liende kwa mkuu wa kitivo, mimi nitasimama na wifi yako. Ni mwanachama wetu, ana mtu wa kumsemea."

Tuliporudi nikaona maajabu. Yule mama hakupaza sauti. Alimtetea wifi, ambaye sikuwa nimemtaja hata jina, na alipomaliza akamtetea mhadhiri wa muda vilevile. Afisa naye hakuwa mnyonge: wanafunzi wa jioni wanatoka kazini wamechoka, nani atawafundisha? Nyundo akanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka nikataka kusema lolote, akanibana goti. Afisa ndiye aliyeanza. Neno kwa neno wakakubaliana: mwenye mgonjwa nyumbani abadilishane vipindi, atakayevipokea apunguziwe vya asubuhi, asiyetaka asilazimishwe. Kumbe kifungu chenyewe kilikuwemo siku zote kwenye mkataba wa chama na chuo. Hakuna aliyekitumia, maana kila mtu alipitia mlango wa nyuma kwa mkuu wake. Mwili ulinisisimka, sisemi uongo, kwa kuona watu wawili wasiopendana wakimlinda mtu ambaye hayupo chumbani.

Mapumziko yalipofika nikampigia wifi. Nikamwambia mimi sitampa, aende kwa Nyundo, ni haki yake na mkuu wa kitivo ndiye atakayeamua.

Nikajua nimemuudhi.

"Kwa hiyo si wewe unayenipa?" akauliza.

"Si mimi."

"Na siku tukigombana, huwezi kuninyang'anya?"

"Siwezi."

Nikamsikia akishusha pumzi, halafu akaanza kulia taratibu.

"Tangu upate hicho cheo," akasema, "sijathubutu kukubishia hata nyumbani kwangu."